Nje madirisha 23, ndani nasafisha 19: haya majumba ya zamani ya Uingereza yanaficha nini?

#1 Mlandege
Wakuu habari za jioni. Mi nipo huku Uingereza, nafanya usafi kwenye jumba moja la zamani la mashambani, siku hizi wanalikodisha kwa harusi na mikutano. Jina silitaji, nalinda ugali wangu. Ghorofa tatu, tofali nyekundu, mbele nyasi mpaka macho yanachoka.

Juzi nimepewa kazi ya kufuta vioo vya upande wa mbele, kwa ndani. Kila dirisha unalitia tiki kwenye karatasi kwa hiyo hesabu ninayo, 19. Nimemaliza nikatoka nje nione kazi yangu inavyong'aa, nikahesabu 23. Nikarudia, 23. Nikasema basi nimeruka vyumba, nikapanda tena nikapita mlango kwa mlango mpaka stoo ya mashuka, hakuna chumba nilichoacha.

Ikabidi nisogee ukutani kabisa. Juu kabisa kuna mawili ambayo si madirisha, ni tofali zimepakwa rangi nyeusi halafu mtu kachora mistari myeupe ya fremu, kwa mbali unaapa ni kioo. Chini kuna moja limejazwa tofali waziwazi bila rangi. Na la nne, kona ya kushoto, lina kioo cha kweli na fremu ya kweli, ukichungulia unakutana na giza tu, kama mtu kaweka ukuta mweusi nyuma ya kioo.

Sasa mtu na akili zake anajenga dirisha halafu analiziba kwa nini? Nimemuuliza msimamizi kasema "lilikuwa hivyohivyo tangu nimekuja". Naombeni mwanga.

#2 Kipanga
Kodi ya madirisha mkuu. Ilianzishwa 1851, ukiwa na madirisha mengi unalipa zaidi, watu wakaziba. Uzi ufungwe.

#3 mama_Zuhra
Kodi ya dirisha?? Yaani unalipia mwanga wa Mungu?

#4 Chifu Mstaafu
Kipanga umegeuza kichwa chini miguu juu. 1851 ndiyo ILIFUTWA. Ilianza 1696 enzi za mfalme William wa Tatu. Mwanzo kila nyumba ililipa shilingi 2, ukizidi madirisha 10 unaongezewa, ukizidi 20 unaongezewa tena. Baadaye, 1766, wakashusha hesabu mpaka nyumba ya madirisha 7 nayo ikanaswa. Kwa hiyo watu walikaa na hiyo kodi zaidi ya miaka 150. Na kabla yake kulikuwa na kodi ya meko, toka 1662 hadi 1689, kila meko shilingi 2 kwa mwaka, na huyo mtoza kodi alikuwa anaingia mpaka chumbani kwako kuhesabu. Watu waliichukia kuliko maelezo. Ya madirisha faida yake mtoza anahesabu akiwa barabarani, haingii ndani.

#5 Kipanga
Shukran Chifu kwa kunisahihisha tarehe, ila jibu langu limesimama. Kodi.

#6 FundiMwashi
Halijasimama. Mi nimejenga miaka 22 na nawaambia hiyo ya kodi inatumika kama dawa ya kila ugonjwa. Mlandege umesema lina vyumba vya kujaza ghorofa tatu na nyasi mpaka macho yanachoka, mwenye hilo jumba shilingi kadhaa za madirisha manne zingemuuma wapi? Tajiri alikuwa anataka madirisha mengi ili jirani ajue analipa.

Shida yake ni sura. Nyumba za hao jamaa, hasa za miaka ya 1700, mbele lazima kushoto kufanane na kulia, mlango katikati, ukiikunja kama karatasi pande zote zinakutana. Sasa ndani kuna maisha, kuna ngazi inapita pale, kuna ukuta wa kugawa vyumba viwili, kuna dohani inapanda toka jikoni. Ukitoboa dirisha kwenye dohani umeua dohani na umeua ukuta. Unafanyaje? Unaweka dirisha la uongo. Fremu ya jiwe, kizingiti, kila kitu, katikati tofali. Hiyo ilichorwa hivyo kwenye ramani toka siku ya kwanza.

#7 Nyasa Boy
Nimesoma kuna jumba England wageni walipanga kila dirisha waning'inize taulo, wakatoka nje wakakuta kuna dirisha halina taulo. Chumba cha siri! Linaitwa Glamis. Mlandege fanya na wewe hivyo.

#8 Chifu Mstaafu
Glamis ni ngome na ipo Uskoti, si England. Na hiyo ya taulo ni hekaya wanayosimuliana kizazi hadi kizazi. Lakini kama njia ya kufanya utafiti ni nzuri sana, namuunga mkono kijana.

#9 mama_Zuhra
Taulo 19 za hoteli zikining'inia mchana siku ya harusi ya watu 😂😂 Mlandege usithubutu baba, fikiria watoto.

#10 Mlandege
Hahaha mama Zuhra sithubutu. FundiMwashi nimekuelewa kuhusu sura, ila lile la chini limekaa vibaya, halifanani na hayo ya juu, lile linaonekana kabisa liliwahi kupumua. Nitajuaje lipi lilikuwa dirisha na lipi ni pambo?

#11 FundiMwashi
Hapo sasa umeuliza swali la kifundi. Simama karibu uangalie pale tofali za kuziba zinapokutana na ukuta. Kama zimefungamana, yaani tofali moja inaingia kwenye ukuta, inayofuata haiingii, meno kwa meno, basi zilijengwa siku moja, hapajawahi kuwa na dirisha. Kama kuna mstari mmoja wa chokaa umenyooka toka juu mpaka chini, palikuwa wazi, mtu akaja akapaziba. Pili pima unene wa tofali la ukuta na la kuziba. Tatu tafuta alama za chuma, bawaba, ndoano za kufungia mbao za dirisha. Rudi na majibu.

#12 mjukuu_wa_Mzee
Habari za hapa. Mi nilikuwa msomaji tu ila hii ya kodi imenigusa. Babu yangu alikuwa anatusimulia kodi ya kibanda wakati wa mwingereza, unalipia kila nyumba yenye paa. Alisema watu waliacha kujenga. Mwanamume mwenye wake wawili ambaye zamani kila mke na nyumba yake, akawabananisha nyumba moja, vijana waliofikia umri wa kuwa na kibanda chao wakabaki kulala na wadogo zao. Mtoza kodi akija anahesabu mapaa. Babu alikuwa analisimulia kwa uchungu si kwa kucheka, alisema ugomvi mwingi wa ile boma ulianzia hapo.

Kwa hiyo Fundi ukisema watu hawawezi kubadilisha nyumba kwa ajili ya kodi mi nakataa. Wanaweza. Waliotuhesabia mapaa ni hao hao babu zao walihesabiwa madirisha.

#13 mama_Zuhra
Hii nimeisoma mara mbili. Asante mjukuu.

#14 FundiMwashi
Mjukuu hapo umenigonga na nakubali, maskini kodi inamfinya mpaka anaziba. Huko mijini Uingereza nyumba za kupanga wenye nyumba waliziba kweli, wapangaji wakakaa gizani, na madaktari walilalamika kuhusu afya ndiyo maana ikafutwa. Mi naongelea hili jumba la Mlandege. Bwana wa pale si babu yako.

#15 Kipanga
Na ule msemo wao wa "wizi wa mchana kweupe" ulitoka kwenye hii kodi, maana waliibiwa mchana wenyewe, mwanga.

#16 Chifu Mstaafu
Hapana Kipanga. Ule msemo unaanza kuonekana kwenye maandishi miaka mingi baada ya kodi kufutwa. Ni maelezo matamu yaliyobuniwa baadaye, na huko Uingereza bado wanayarudia kwenye ziara.

#17 Kipanga
Leo Chifu umeniamkia mimi tu.

#18 Sista Lucy
Samahani naingilia, mbona hakuna aliyetaja mapadri? Malkia Elizabeth wa Kwanza alipopiga marufuku ibada za Kikatoliki, sheria ya 1585 ilifanya padri Mkatoliki kuwepo tu nchini ni uhaini, na aliyemficha naye ni kifo. Familia za Kikatoliki zenye majumba mashambani zikawa zinajenga maficho ndani ya kuta. Kulikuwa na fundi seremala, bruda wa Kijesuti anaitwa Nicholas Owen, alikuwa anajenga usiku peke yake ili asijue mtu, mchana anajifanya anatengeneza kitu kingine cha kawaida. Jumba la Harvington huko Worcestershire lina maficho 7. Moja unasukuma boriti ya ukutani, inazunguka kwenye ekseli yake, nyuma kuna upenyo mtu mwembamba anapita. Jingine lipo chini ya ngazi, unainua vipandio viwili kama mfuniko wa sanduku.

Na Baddesley Clinton, Warwickshire, mwaka 1591 askari walivamia alfajiri, mapadri wakashuka kwenye mfereji wa zamani wa maji taka chini ya nyumba wakasimama humo maji yakiwa miguuni kwa saa kama nne, juu yao wanasikia viatu vya wapekuzi.

Owen alikamatwa 1606 akateswa mpaka akafa kwenye mnara wa London na hakutaja shimo hata moja. Kanisa lilimtangaza mtakatifu 1970. Kila nikisimulia hii nakosa maneno. Mlandege, lile dirisha lenye giza nyuma yake ningekuwa mimi nisingeliita dirisha mpaka nijue nyuma kuna nini.

#19 Nyasa Boy
Daah hii sasa ndiyo niliyoifuata.

#20 FundiMwashi
Sista historia nzuri na nakuheshimu, ila fundi mwenye akili ya Owen hawezi kuweka maficho nyuma ya dirisha. Wapekuzi nao walikuwa wanahesabu! Walipima nje na ndani kwa kamba wakilinganisha, pasipolingana wanabomoa. Dirisha lisilo na chumba ni kumwita mpekuzi kwa jina.

#21 Sista Lucy
Ni kweli walikuwa wanapima. Na ndiyo maana mengi yapo karibu na dohani na ngazi, kwenye kona ambazo vipimo vinachanganya. Sijasema ni dirisha lenyewe, nasema hiyo kona.

#22 Chifu Mstaafu
Niongeze moja ya kumtetea Fundi. Hardwick Hall, Derbyshire, nyumba ya mwanamama Bess wa Hardwick, imejengwa miaka ya 1590 na mchoraji ni Robert Smythson. Ilisifiwa kwamba ni vioo vingi kuliko ukuta, na wakati huo kioo kilikuwa mali ya kutambia. Juu ya minara kaweka herufi za jina lake, E na S (Elizabeth Shrewsbury), kubwa za mawe zinaonekana maili nyingi. Sasa pale kuna madirisha ya uongo, nje unaona kioo ndani unakuta ukuta. Kuna dirisha refu moja linalopita ghorofa mbili. Hii ni miaka MIA MOJA kabla ya kodi ya madirisha. Kwa hiyo kodi haiwezi kubeba kila kitu.

#23 Kipanga
Nakubali kwa Hardwick. Sikubali kwa jumba la Mlandege.

#24 Nakuru Yetu
Hamjambo wakubwa. Kwani lazima muende England? Sisi Njoro tunayo yetu. Lord Egerton, Maurice Egerton, alianza kujenga kasri lake pale 1938, vita vikaingilia, likaisha 1954. Vyumba 52 kwa mtu ambaye hajaoa! Hadithi tunayosimuliwa sote tangu shule ni kwamba alimpenda mwanamke akamletea nyumba ya kwanza, mama akaiita kiota cha ndege, wengine wanasema aliiita banda la kuku, basi jamaa akakasirika akajenga hii. Akaishi humo miaka michache tu, 1958 akafa.

Nimeingia mara kadhaa. Kitu kilichonishika si ukumbi wa dansi, ni ngazi ya nyuma. Ngazi ya mbele ni pana, mbao zinang'aa, unaweza kupitisha ng'ombe. Ya watumishi ni nyembamba, unapanda bega moja mbele, na inakutoa kila ghorofa bila kukutana na mwenyewe. Nyanya ya rafiki yangu mumewe alifanya kazi kwa wazungu huko, alisema sheria ilikuwa moto uwake na vyombo viondoke na asionekane mtu.

#25 Chifu Mstaafu
Safi sana Nakuru Yetu. Na huyo Egerton ndiye alikuwa mwenye Tatton Park, Cheshire, jumba la ukoo wao, alipokufa likaenda kwa National Trust, shirika lao la kuhifadhi majumba ya kale. Pale kwenye vyumba vya chini kuna reli ndogo ya kusukumia makaa ya mawe ili mkaa ufike kila pembe ya nyumba bila kupita juu kwa mabwana. Kwa hiyo akili ya ile ngazi yenu aliitoa nyumbani.

#26 Mlandege
Hapo kwenye ngazi mmenifikia. Hata hili langu lipo hivyo. Kuna mlango upo kwenye ukuta wa chumba cha kulia, hauna fremu, hauna kitasa, karatasi ya ukutani yenye maua imepita juu yake na ule ubao wa chini ya ukuta umekatwa umepita nao, ukifunga huoni kitu ila mstari mwembamba kama unywele. Mi wiki ya kwanza nilipita pale mara kumi sijauona, siku ya kumi na moja ukafunguka mwenyewe akatoka dada wa jikoni na trei, moyo ulinipasuka. Na mlango wa kwenda upande wa jikoni umepigwa kitambaa kizito cha kijani kama cha meza ya pool na misumari ya shaba, ukijifunga nyuma yako kelele zote zinakatika, kama umeingiza kichwa kwenye maji.

Siku hizi ni sisi tunaoutumia. Wageni wakiwa kwenye harusi tunaambiwa tupite huko.

#27 mama_Zuhra
😔

#28 Binti Shela
Asalaam alaykum. Lamu tuna wikio, ni chumba kama daraja kinapita juu ya kichochoro kuunganisha nyumba mbili. Wanawake wanatoka nyumba moja kwenda ya pili bila kushuka njiani. Na sisi pia tuliambiwa ni ya kutoonekana, lakini kwetu ni sitara, walio juu ndio wenye nyumba. Huko kwa Mlandege asiyetakiwa kuonekana ni mfanyakazi. Ukuta ni ule ule, maana imegeuka.

#29 Nyasa Boy
Kuna lord mmoja yeye mwenyewe ndiye hakutaka kuonekana. Welbeck Abbey, Nottinghamshire, Duke wa tano wa Portland, alifariki 1879. Alichimba mahandaki chini ya shamba lake yenye taa za gesi na vioo vya kuingizia mwanga toka juu, akajenga ukumbi mkubwa chini ya ardhi, wanasema wa dansi na hakucheza mtu. Chifu nisahihishe mapema nijue moja.

#30 Chifu Mstaafu
Leo hujakosea kijana. Nitaongeza tu kwamba ule ukumbi una urefu wa mita karibu 49, na mamia ya vibarua wa kijiji walipata riziki kwenye huo uchimbaji. Kwa nini alichimba, wengine wanasema aibu, wengine ugonjwa wa ngozi, wengine kupenda ujenzi. Na Uppark, Sussex, kuna handaki la kawaida kabisa toka jikoni hadi nyumba kubwa, chakula kinapita chini, bustani juu inabaki safi.

#31 Mlandege
Wakuu nimerudi na majibu. Leo asubuhi jamaa wa vioo vya nje alikuja na ngazi ndefu, nikamwomba nipande dakika tano, nimeshika rula mdomoni.

Mawili ya juu: tofali zimefungamana na ukuta meno kwa meno kama Fundi alivyosema. Hakuna bawaba, hakuna kitu. Rangi nyeusi imebanduka pembeni, chini yake nyeusi nyingine, chini tena nyeusi, mtu amekuwa akilipaka hilo dirisha la uongo miaka na miaka.

La chini: mstari wa chokaa umenyooka pande zote mbili. Kizingiti cha jiwe kimelika katikati, kama pale mtu anapoegemea viwiko, kimebonyea laini kabisa nimepitisha kidole. Upande wa kulia kuna ndoano ya chuma imekatwa imebaki kisiki. Tofali la ukuta unene wake sentimita 6.2, la kuziba 7.6.

La kona lenye kioo sikulifikia, ngazi haikai, pale chini kuna maua.

#32 FundiMwashi
Kazi nzuri sana, ungekuwa kwangu ningekupa mwiko leo leo. Basi mawili ya juu tumemaliza, yalizaliwa vipofu, ni sura.

La chini liliishi. Na hizo sentimita zinasema kitu. 1784 serikali ya Uingereza iliweka kodi ya tofali, unalipia kwa idadi. Wachoma tofali wakaanza kuchoma makubwa, kodi ileile kwa tofali nene. 1803 serikali ikashtuka ikawaongezea kodi kwenye makubwa. Iliendelea hadi 1850. Kwa hiyo mzibaji alifanya kazi baada ya 1784.

#33 Kipanga
BAADA YA 1784 NA KABLA YA 1851. Wakati wa kodi ya madirisha. Fundi umenipa ushindi kwa mkono wako.

#34 FundiMwashi
Sikusema kabla ya 1851, hiyo umeiongeza wewe. Tofali nene ziliendelea kuchomwa hata baadaye, hasa kaskazini. Na hata kama ni miaka hiyo, labda walihamisha ngazi, labda waligawa chumba. Mlandege nyuma ya hilo la chini ndani kuna nini?

#35 Mlandege
Kabati la vyombo, limejengewa ukutani, refu mpaka darini, mbao nzito.

#36 FundiMwashi
Unaona. Walitaka kabati.

#37 Kipanga
Walitaka kabati kwa sababu dirisha lishazibwa kwa kodi.

#38 Binti Shela
Kile kizingiti kimenishinda. Mtu aliegemea pale miaka mingi mpaka jiwe likabonyea. Chumba cha vyombo, ghorofa ya chini, upande wa mbele. Mfanyakazi atakuwa. Alikuwa anaangalia nani anakuja na gari la farasi. Halafu siku moja mtu akasema huyu asiangalie nje.

#39 mama_Zuhra
Hiyo ndiyo sababu naiamini mimi kuliko kodi na kabati.

#40 FundiMwashi
Au wanaoshuka kwenye gari la farasi ndio hawakutaka kuona jikoni. Nayo inawezekana, siikatai.

#41 mzee_wa_tambiko
Nimechelewa uzi. Mnaongea kodi na sura, mmesahau zindiko. Wazungu wa zamani walizindika nyumba kama kwetu. Knole, Kent, watafiti waliinua mbao za sakafu 2014, wakakuta boriti zina alama zimechongwa, mistari ya kukatizana na herufi V mbili zimepandana, na pengine zimechomwa kwa mshumaa makusudi, zote zimeelekea kwenye meko. Miti ilikatwa majira ya baridi ya 1605 kuingia 1606, chumba kikiandaliwa kwa mfalme James wa Kwanza. Ilikuwa punde tu baada ya njama ya kulipua bunge, na huyo mfalme mwenyewe aliogopa wachawi mpaka akawaandikia kitabu. Dohani ni tundu lisilofungwa, pepo anashukia hapo, ndiyo imani yao.

Na viatu! Wanakuta viatu vilivyochakaa, mara nyingi kimoja, vimetiwa ndani ya dohani au juu ya dirisha. Makumbusho ya Northampton wana daftari maalumu la kuandikisha viatu vilivyokutwa hivyo. Kwetu tunafukia kwenye msingi, wao wanatia ukutani. Tundu lisilo na kazi huzibwa. Dirisha ni tundu.

#42 Chifu Mstaafu
Ya Knole ni kweli kabisa. Ila wapo wanaosema baadhi ya hizo alama ni za maseremala kuhesabu boriti zao, na alama nyingine, ya ua la petali sita, ni zoezi la bikari la kumfundisha mwanafunzi. V mbili wengine wanasema ni Bikira Maria, Bikira wa mabikira.

#43 Sista Lucy
Mabibi na mabwana wa Kikatoliki waliobanwa wangeweza kuandika hivyo. Mkitaka kuona mtu aliyegeuza imani kuwa nyumba tazameni Rushton, Northamptonshire. Sir Thomas Tresham, alifungwa miaka mingi kwa ukatoliki wake, alipotoka akajenga kijumba toka 1593 hadi 1597, pande tatu, ghorofa tatu, kila upande futi 33 na inchi 4, kila ghorofa madirisha matatu kwa upande. Utatu Mtakatifu, umesimama shambani mchana kweupe, na alikaa humo mtunza sungura. Hakuna askari angeweza kumkamata kwa hesabu.

#44 mzee_wa_tambiko
Kwani sista na mi tunapingana? Nyumba inaongea na wasioonekana.

#45 Nyasa Boy
Mtunza sungura kapewa nyumba ya Utatu na mi nalipa kodi ya chumba kimoja Sinza dirisha linaangalia ukuta wa jirani.

#46 Kipanga
Lako lilizibwa kwa kodi pia 😄

#47 Mlandege
Wakuu nawapa la mwisho. Jioni baada ya zamu nimeingia ile stoo ya mashuka, ndiyo imepakana na dirisha la kona lenye giza. Nimesogeza rafu, nyuma ni ukuta wa plasta umepakwa rangi ya maziwa, hakuna alama ya dirisha. Nimepima toka mlangoni hadi ukuta huo, halafu nje toka kona hadi fremu ya dirisha. Nikitoa unene wa ukuta inabaki karibu sentimita 70 ambayo haipo ndani wala nje.

Nikagonga kwa kiungo cha kidole toka chini kwenda juu. Kuanzia sakafuni hadi usawa wa kifua inalia nzito, kama ukuta. Kuanzia kifuani kwenda juu inalia tupu.

#48 FundiMwashi
Ni dohani imepinda. Dohani nyingi za zamani zinapinda zikipishana na sakafu. Chini ni tofali, juu ni vipande vyembamba vya mbao vimepakwa plasta. Je ghorofa ya chini yake kuna meko upande huo?

#49 Sista Lucy
Sentimita 70 mtu anakaa. Jumba limejengwa lini Mlandege?

#50 Mlandege
Kibao cha mlangoni kimeandikwa 1712. Ila msimamizi aliwahi kusema upande wa kushoto ulikuwepo kabla, wao walirefusha tu. Na fundi, chini yake ndiyo ile kabati ya vyombo.

#51 Kipanga
Yaani kabati, dirisha lililozibwa na hiyo sehemu tupu vyote viko mstari mmoja juu kwa juu??

#52 Mlandege
Mstari mmoja. Kesho nikipewa zamu ya vyombo nagonga nyuma ya kabati.